Kumtafuta Mutheu Kabla ya Saa Nane

Kitui, asubuhi. Nilikuwa sijafungua hata dirisha la ofisi yangu ya tiketi wakati ujumbe wa chama chetu cha mawakala wa usafiri ulipoingia: shirika moja la ndege limesimamisha safari zote. Mteja wangu, Mwalimu Mutheu wa Tawa, alikuwa asafiri nalo kesho yake kwenda India kumpa kaka yake figo.

Kulikuwa na tumaini moja. Mashirika yaliyo kwenye chama cha mashirika ya ndege yamekubaliana kubebeana abiria waliokwama, na chama chetu kilikuwa kimemwombea Mutheu kiti. Ila safari hiyo mpya ilikuwa ya usiku huohuo, na abiria mwenyewe alitakiwa aikubali kabla ya saa nane mchana. Nilimpigia simu, imezimwa. Nikaingia kwenye gari.

Nilipita Matinyani bila kusalimia mtu. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini anayesema hivyo hana abiria. Kila nilipofika penye mtandao nilimpigia tena. Bado imezimwa.

Tawa, saa saba na kitu. Nyumbani kwao Mutheu, anayesafiri mbali huombewa mchana kutwa, na simu zote hukusanywa kwenye kikapu cha kiondo mlangoni. Pasta aliyeongoza maombi alinizuia.

"Ngoja kidogo tu madam, tumalize."

"Pasta, hii haiwezi ngoja."

Mutheu akatoka, mamake nyuma yake. Nikamwambia ndege yake imesimamishwa.

"Kwa hivyo siendi?" Uso ukamchangamka. "Asante Yesu."

Nilitamani nisiendelee. "Kuna kiti kingine, mwalimu. Ni leo usiku. Wanataka jibu lako."

Akaketi kwenye ngazi, akamgeukia mamake. "Mwaitu, mimi naogopa. Nimekuwa nikiomba hiyo ndege isiende."

"Nilijua," mamake akasema. "Lakini hata kaka yako ni mtoto wangu."

Saa yangu ilikuwa inakwenda na sikuthubutu kuitazama. Mwishowe Mutheu akafuta macho.

"Ambia hao watu nakuja."

Nilituma jibu, na chama kikathibitisha kabla sijawasha gari.

Njiani kurudi Kitui hofu haikuniacha. Asubuhi niliogopa atakosa kiti. Sasa nilimwogopea kwa kuwa amekipata. Siku aliyokuja kununua tiketi nilimuuliza tarehe, mizigo, kama anataka kukaa dirishani. Kama anataka kwenda, sikumuuliza. Siku hizi nauliza hilo kwanza.