Chumvi ya Mifupa ya Donatus

Siku Magesa alipomwona Donatus kwa mara ya kwanza, aliona kofia, kisha meno. Ilikuwa kwenye duara moja, shimo la wachimba dhahabu wadogo, nje ya Bugarama, na Magesa, mgeni wa siku mbili, alikuwa amepewa kazi ya kuzungusha winchi. Kamba ilipofika juu, akatokea mtu mweupe kwa vumbi kama gunia la unga lililopasuka.

"Wewe ndiye unayevuta hivi?" mtu yule akauliza. "Nilidhani wamefunga ng'ombe."

Wachimbaji wakacheka. Magesa, ambaye hata shikamoo huitoa kwa shida, akainamisha uso. Lakini kuanzia hapo Donatus hakukubali kushushwa na mkono mwingine. Miaka kumi na tisa alishuka na kupanda kwa kamba ya Magesa.

Ugonjwa haukumkuta shimoni. Ulianzia kwenye tezi dume, ukahamia mifupani kimya kimya, mpaka mgongo ukawa haugusiki. Mkewe, Klara, alimgeuza kwa kuvuta shuka, maana mkono wa mtu ulimuumiza.

Huko hospitalini Mwanza, Daktari Aneth hakuwaficha Donatus, Klara wala Magesa aliyewasindikiza: kupona hakupo, kumebaki kupunguza maumivu. Ipo chumvi iitwayo kloridi ya strontiamu. Ikiyeyushwa huonekana maji matupu, na huchomwa mshipani mara moja. Strontiamu ni ndugu wa kalsiamu, ile iliyomo kwenye maziwa na dagaa, na mfupa hauwezi kuzitofautisha. Huipokea kwa pupa, hasa pale penye ugonjwa, kumbe hii imebeba mionzi. Mionzi hiyo huyatuliza maumivu kutoka ndani. Mtu anaweza kupata miezi kadhaa ya kukaa, pengine hata ya kutembea.

"Kwa hiyo mifupa yangu inatapeliwa," Donatus akasema. "Kama mnunuzi anayeuziwa shaba."

"Ndivyo, baba," daktari akatabasamu. Akamgeukia Magesa, kwa kuwa ndiye aliyemaliza darasa la saba. "Dawa inaagizwa nje, kwa jina la mgonjwa. Haiwekwi akiba. Kila siku hamsini nguvu yake inapungua nusu. Wiki tatu hizi za kuisubiri asimeze vidonge vya kalsiamu, wala asipewe dawa yoyote bila kuniuliza."

Wiki ya pili Donatus alilia. Klara alikuwa ameenda kwao Kahama kumzika shangazi yake, akamwachia Magesa kazi ya kumuuguza. Magesa alivumilia kilio kile asubuhi nzima. Mchana akapanda pikipiki hadi Masumbwe, akamleta mzee Maige, mpiga chuku, anayenyonya damu ya wagonjwa kwa pembe.

Hakuona kuwa anavunja sharti. Dawa ni kitu kinachoingia mwilini; pembe inatoa. Na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuvuta vitu vitoke. Maige akachanja mgongo, akabandika pembe saba, akanyonya. Bakuli likajaa damu nyeusi. Donatus akapata usingizi wa siku mbili, na Magesa akajiona amefanya la maana.

Siku ya sindano, Klara, aliyerudi kutoka msibani usiku wa jana yake, alibaki nje na chupa ya uji. Ndani, Daktari Aneth alisoma karatasi ya maabara mara mbili, kisha akainua shati la mgonjwa. Chale zilikuwa zimetunga usaha.

"Nani amemfanyia hivi?"

"Mimi," Magesa akasema. "Nilimletea mpiga chuku."

"Damu hutengenezwa ndani ya mifupa," daktari akasema polepole. "Chumvi hii ikikaa humo, huishusha. Nilitaka aje na damu ya kutosha. Kwa damu hii, na usaha huu, nikimchoma nitamuua."

"Tusubiri ipande," Magesa akasema.

"Itachukua miezi. Na chupa hii ya dawa haitatusubiri, wala..." Akamtazama Donatus, sentensi hakuimaliza.

Chupa yenyewe ilikuwa mezani, ndani ya kopo zito la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, ndogo kuliko kidole gumba. Magesa alitamani kuibeba akimbie nayo, asijue wapi.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Klara akachungulia, uso umejaa matumaini. Donatus akamshika Magesa mkono. Jioni ile homa ilimpanda Donatus, asiweze kuzungumza tena hadi walipomzika Jumapili. Alichomnong'oneza Magesa pale ni hiki:

"Mwambie Klara dawa imeharibikia njiani. Uongo huuwezi, kwa hiyo sema haraka, uso usije ukakuumbua."