Kasi ya Vifungo

Mama alikuwa fundi cherehani Igoma tangu kabla sijazaliwa. Kiharusi kilipompiga kiliuchukua mkono wa kulia, nami nikaacha kazi yangu ya ukarani Misungwi nikarudi kukaa naye nyumbani Mkolani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema vidole vipewe kazi kila siku. Nikampa mpira wa kuminya, akautupa. Nikampa mahindi ayachambue, akanitazama kama nimemtukana.

"Mimi si kuku," alisema. Maneno yalikuwa bado yanamtoka, ingawa kwa shida.

Hapo ndipo nilipofikiria kumtengenezea mchezo wa kompyuta. Sikuwa na utaalamu wowote. Nilichojua ni kuchapa barua. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, na programu kubwa za kutengenezea michezo zilikataa hata kufunguka. Nikatafuta mtandaoni hadi nikakuta zana moja nyepesi, ambayo hata bando langu dogo liliweza kuipakua. Haikuwa na mapambo. Ilitaka faili moja tu, na ndani yake uandike mambo matatu: vitu vya kuandaa mwanzoni, vitu vya kubadilisha kila sekunde, na vitu vya kuchora kwenye kioo. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, nikayasoma kamusi ikiwa mapajani.

Siku ya kwanza nilipata kioo cheusi. Siku ya pili nikapata kioo cha buluu chenye maneno ya kosa. Nilikuwa nimesahau neno moja la kufungia. Siku ya tano, asubuhi, mama akinywa uji, duara jeupe lilitokea juu ya kioo na kuanguka hadi chini. Nililia. Nilipomgeuzia mama kompyuta aone, lilikuwa limeshapita.

Nikaligeuza duara kuwa kifungo cha shati, chenye matundu manne. Chini nikachora kopo la kukingia, mama alisogeze kwa kubonyeza mishale ya kulia na kushoto. Kasi ya vifungo iliamuliwa na namba moja tu. Niliandika mia mbili.

"Hivi vya shati la kiume," alisema alipoviona. Siku hiyo alikinga vitatu, ncha ya ulimi ikiwa nje pembeni mwa mdomo, kama alivyozoea akitunga uzi kwenye sindano.

Wiki iliyofuata hakukinga hata kimoja. Nikashusha namba hadi mia. Baadaye sitini. Baadaye thelathini. Mtaalamu alipokuja nilimwambia mama anaendelea vizuri, bado anakinga vitatu kila siku. Aliandika kwenye daftari lake. Ile namba sikumtajia.

Lakini mama alijua.

"Unavipunguza mwendo," alisema asubuhi moja.

"Hapana, mama."

"Mwanangu, vifungo vimenidondoka maisha yangu yote. Najua kifungo kinavyoanguka."

Nikafunika kompyuta, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Siku chache baadaye aliweka kidole kwenye mshale wa kulia na hakukiondoa. Kopo lilikwenda hadi ukingoni likakwama pale, vifungo vikashuka kimoja kimoja katikati, bila wa kuvikinga. Nilidhani amesusa. Nilipomshika kidole nikaona mdomo umepinda. Tulifika hospitali akiwa hai, na siku ya tatu akafariki.

Baada ya mazishi, mdogo wake mama alinikuta nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. "Dada yangu anakufa, wewe unamchezesha gemu?"

Nilitaka kumweleza kuhusu vidole na maagizo ya mtaalamu. Sikuweza, kwa sababu alichosema hakikuwa kosa langu lenyewe, na kosa langu lenyewe lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nimeuona mkono ukizidi kufa, namba baada ya namba, na kila mara nilichofanya ni kuuficha. Labda mtaalamu angemrudisha hospitali mapema. Labda isingesaidia. Hakuna mtu wa kuniambia, na sijamwuliza yeyote.

Kazi ya Misungwi walishampa mwingine. Majirani wakipita wananipa pole, nami naitikia nimeshapoa, kwa sababu ndivyo inavyoitikiwa.