Mama Mkwe Mbele ya Bampa

Mume wangu aliteguka mkono wiki moja kabla ya safari yetu ya Ngong. Mama yake alikuwa ameshafika kwetu Parklands kutoka Mombasa, akitaka kuliona Bonde la Ufa kutoka juu, kwa hiyo nikasema nitaendesha mimi.

"Ile njia ya mgongoni mwa vilima?" mume wangu akauliza.

"Hiyo hiyo."

Nilikuwa sijawahi kuendesha huko. Lakini mara nne nilikuwa nimeketi kando yake akiipita, na anayeketi kando huona mengi.

Juu mlimani nilishuka nikapunguza upepo kwenye tairi, nikatia gia nzito ambayo huvuta kwa magurudumu yote manne, tukaanza. Kulia kwetu bonde, kushoto mji. Vilima viwili vya kwanza gari lilivipanda likinguruma taratibu, nami nikaanza kuufurahia usukani.

Kilima cha tatu kilikuwa na mteremko mbaya. Mvua zilikuwa zimechimba korongo katikati ya njia, lenye kina cha kufika magotini. Ilibidi tairi za kushoto zikanyage ukingo mmoja na za kulia ukingo wa pili. Na pale kileleni, pua ya gari ikiwa bado juu, mbele yangu niliona boneti na anga tu.

"Kushoto," mume wangu akasema. "Hapana, kulia kidogo. Ngoja."

"Nyamaza, baba," mama yake akamwambia kutoka nyuma. "Hata wewe huoni kitu."

Akafungua mlango akateremka. Akalikunja buibui lake akalifunga kiunoni juu ya gauni, akatembea hadi mbele ya bampa, akateremka hatua kadhaa na kunigeukia. Kwa miaka mingi alikuwa na duka la mbao na saruji kule Mombasa, na malori yaliyoingia uani kinyumenyume aliyaelekeza mwenyewe. Mimi nilijua, maana alinisimulia jikoni. Mwanawe hakujua.

"Tazama mikono yangu," akaniambia. "Njia niachie mimi."

Nikaiachia breki kidogo. Mkono wake wa kulia ukapunga, nikakata usukani. Gari likainama mbele, jiwe likakwaruza chini. Katikati ya mteremko tairi moja ya nyuma ikanyanyuka hewani, gari likaegemea upande, na mume wangu akashika mlango kwa mkono wake mzima. Mama akafumba ngumi. Nikasimama. Akachutama, akachungulia chini ya gari, akaokota jiwe bapa na kulisukumiza pale ukingo ulipokuwa umemeguka.

"Haya, mwanangu. Njoo, polepole."

Tairi ikalipata lile jiwe, gari likakaa sawa, tukashuka hadi chini.

Mama alijipangusa vumbi. Mume wangu alikuwa ameshahamia kiti cha nyuma bila kuombwa.

"Mama, hukuniambia unajua mambo haya."

"Ulikuwa shule," akamjibu, akapanda mbele akafunga mkanda.

Vilima vilivyobaki tulivipita hivyo, sisi wawili mbele tukizungumza habari za wajukuu wa jirani yake. Tulipokaribia kilele cha mwisho, mume wangu aliuliza kama nimechoka. Nikamwambia bado, na ilikuwa kweli.