Maria Niliyemleta Mbele

Nilipohamia shule moja ya Kizwite nikitokea Mbeya, mwalimu mkuu alinidokeza kwamba darasani mwangu kuna Maria asiyesikia vizuri. Niliapa hatabaki nyuma. Maria mmoja wa dawati la mwisho hakuwahi kunijibu swali, basi nikamleta mbele na kumpeleka nyuma msichana aliyekuwa amekaa hapo. Wiki nzima nilifundisha kwa kupaza sauti na kurusha mikono, nikijiona mwalimu kwelikweli.

Ijumaa mama yake akaja hadi mlangoni. "Mwalimu, mbona unamfokea mwanangu? Anasikia vizuri."

"Maria, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani wewe ndiye husikii, mwalimu. Maria asiyesikia ni yule uliyempeleka nyuma."