Unga Uliovaa Koti Langu

Kwetu Bwera, chini ya mlima mrefu, hakuna majira ya baridi kama yale ya kwenye televisheni. Lakini mwezi wa kumi na moja ukifika, mvua haibishi hodi, na asubuhi mawingu yakifunguka kidogo unaona barafu imeshuka chini zaidi mlimani, nyeupe kabisa, kama mtu kamwaga unga. Asubuhi moja ya hivyo niliwasha pikipiki ya kaka yangu, nikaondoka peke yangu kwenda Mbale, upande wa pili wa nchi, na mgongoni nimebeba unga wa muhogo.

Dada yangu alikuwa amejifungua huko. Wakwe zake ni watu wema, wanampikia matoke asubuhi na matoke jioni, lakini dada hali. Kila kitu kinarudi. Maziwa yanapungua na mtoto analia. Kwenye simu aliniambia kwa sauti ndogo, "Ningepata bundu ya mama tu." Bundu ni ugali wa muhogo, sisi tusipoula, hata tukimaliza sahani ya wali tunasema hatujala. Muhogo hata Mbale upo, lakini si ule uliolowekwa na kukaushwa na mama. Mama alishatuma unga mara moja kwa basi, ukafika umelowa na unanuka petroli.

"Nitaupeleka mimi," nikasema.

Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Butembo, na akikasirika Kiswahili chake kinarudi kwao. "Weye? Na piki? Mutoto mwanamuke peke yake mpaka Mbale? Uko na wazimu!"

"Si nabeba matenga ya nyanya kila siku kutoka Mubuku mpaka Kasese?"

"Mubuku iko hapa! Mbale iko mwisho wa dunia!"

Na mimi mwisho wa dunia ndio niliokuwa nautaka tangu utoto, ila sikumwambia. Alikuwa anagomba huku anafunga unga kwenye nailoni, kisha kwenye kitenge, kisha akanifungia wote mgongoni kama mtoto mchanga. "Usiuweke nyuma ya piki, matope itarukia. Beba hivi. Na usiuloweshe, unasikia? Dada yako anangojea."

Basi nikaondoka naimba ndani ya helmeti. Penye mstari wa ikweta nilisimamisha piki, gurudumu moja kaskazini na lingine kusini, nikapiga kelele peke yangu mpaka mchunga mbuzi akanipungia mkono. Karibu na daraja la Katunguru tembo walikuwa wanavuka barabara. Nilizima injini, nikawaambia taratibu, "Piteni wazee, piteni, mimi sina haraka." Uongo mtupu!

Halafu barabara ikaanza kupanda Rubirizi, ukungu ukanimeza, na mvua ikaja. Mimi mtoto wa joto. Nani ana sweta kwetu? Nilikuwa na koti moja la mvua la kaka, nikajaribu kulivaa juu yangu na unga pamoja, likakataa kufunga. Halikutosha wawili. Nikalivua, nikafunika unga, mikono ya koti nikaifunga shingoni kwangu. Meno yaligongana mpaka nikacheka. Nilikuwa nimelowa kama kuku, na sijui kwa nini, sijawahi kufurahi vile.

Ishaka nilisimama kunywa chai. Mama muuzaji akaruka. "Mungu wangu! Mtoto atakosa hewa!"

"Ni unga, mama."

"Unga gani unavalishwa koti? Wasichana wa siku hizi!" Akanijazia chai ya maziwa mpaka inamwagika, eti anayenyonyesha lazima ashibe.

Nililala Mbarara. Kesho yake nikapita Masaka, nikapita Kampala nimefumba jicho moja kwa hofu ya magari, nikafika msitu wa Mabira. Chini ya miti mvua ilikuwa nzito kuliko kote, na hapo kulikuwa na kizuizi cha askari.

"Simama! Wewe! Mutoto kwa piki na mvua hii?"

"Si mtoto, afande. Ni unga."

Hapo uso wake ukabadilika. "Unga? Fungua!"

Furaha yote ikaniisha. Nikifungua pale, yote yanalowa, na dada atakula nini? Nikaanza kusema bila kituo, dada, maziwa, matoke, basi, petroli, mama, mpaka machozi yakaja. Afande alinitazama, akavua koti lake kubwa, akalishika juu yetu kama hema. "Fungua kidogo. Haraka!"

Nikafungua pembe moja. Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso. "Hii kitu inanuka!"

"Ndivyo inavyotakiwa, afande."

"Na wewe koti yako iko wapi?"

"Unga umelivaa."

Alicheka mpaka hema likatikisika. Kisha akajikaza, akanyoosha mkono barabarani. "Funga mutoto! Pita! Isilowe!"

Mbale nilimkuta dada amelala kwenye mkeka, amekonda sana. Niliufungua unga mbele yake. Mkavu! Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, hata kushika mwiko nilishindwa, basi mama mkwe wake akasonga, mimi namwelekeza, "Kaza, mama, kaza, huu si uji!"

Dada akamega. Sote tukautazama mdomo wake. Akameza. Tukangoja. Haikurudi. Akamega tena, akala tonge baada ya tonge, halafu akaangalia sahani kama mtu aliyeibiwa.

"Na sombe iko wapi?"

Majani ya muhogo! Kitoweo chenyewe! Hata mama alisahau. Dada akanikunjia uso, ile sura ya zamani ya kuninyang'anya kitanda, na mimi nikacheka hadi nikakaa chini.

Jioni alinyonyesha, mtoto akanyamaza, wakamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge kilekile, bado kina vumbi la unga. Alikuwa mwepesi kuliko mzigo wangu.

"Nitaifuata hiyo sombe kwa mama," nikamwambia dada, na tayari nilikuwa naichungulia piki pale uani.