Choki za Mjomba Chirau

Boga wa Kinondo alikuwa mtu wa hasira za karibu, na wala hakuzificha. Lakini asubuhi ile ya mwaka wa sitini na saba, pale hotelini Diani, hata mpole angalipandwa na mori. Taa ya tatu ya tyubu fupi ilikuwa imeungua katika ukumbi wa kulia ndani ya wiki moja. Na nani alikwenda mbio kwa meneja kusema kwamba Boga ndiye anayeziua? Mjomba wake Chirau, kaka wa mamake, nyapara wa mafundi wa stima, Boga akiwa mmoja wao!

Meneja, Mzungu aliyesema Kiswahili kama anayefukuza mbwa, hakuuliza mara mbili. "Saa sita mimi nakuja stoo. Kama wewe hapana jua kwa nini taa nakufa, wewe kwenda nyumbani."

Boga alijua fika. Mvua zilipokwisha, taa zote ziliteremshwa ili dari ipakwe chokaa. Kila taa ina choki yake, kile kisanduku cha chuma kinachoubana umeme usiivamie tyubu, na chumvi ya pwani ilikuwa imekwisha kula maandishi. Choki ya tyubu ndefu na ya tyubu fupi zikawa hazijulikani. Chirau hakuziwasha kuzijaribu. Alizipima kwa kiganja, kama anunuaye mihogo: nzito akazipaka nyekundu, ziwe za tyubu ndefu, nyepesi akazipaka nyeupe, ziwe za fupi. Miaka kumi na minane ya stima, na bado anapima kwa kiganja! Zile nzito zilikuwa za kiwanda kingine tu, na za tyubu fupi.

Sasa aseme vipi? Kwa Wadigo mjomba si mtu wa kuchezewa. Nyumba aliyoishi Boga na mamake ilikuwa juu ya ardhi ya mjomba, minazi ya mjomba, kisima cha mjomba. Mpwa hamkosoi mjomba wake mbele ya wageni, akawa na uso wa kurudi nyumbani. Basi Boga akameza hasira, akaenda stoo mapema ili wayamalize wawili.

"Shikamoo, mjomba."

Chirau aliendelea kukata waya. "Sema lililokuleta."

"Tuzijaribu choki kwa tyubu zisizo zake. Tyubu ndefu tuiweke kwenye choki nyeupe. Ikiwa choki ni ya fupi kweli, tyubu itapepesa na kufifia. Ikiwaka sawasawa, basi rangi zimekosewa. Tutazipaka upya sasa hivi, na wallahi mtu hatajua."

"Ebo! Wewe unipime mimi? Mimi niliyekutia tohara, nikakutia na kazini?"

"Sikupimi wewe, mjomba. Napima choki."

"Toka mbele yangu, mwanaharamu we!"

Hapo ndipo Boga alipochoka. Kutukanwa yeye, sawa. Kutukaniwa mama, na kaka wa mama mwenyewe! Akakaa mlangoni kumngoja meneja.

Saa sita meneja akafika, na wapishi wawili nyuma yake kuja kutazama. Boga hakumwangalia mjomba wake. Aliunga choki nyeupe na tyubu ndefu, akatia stata, kidude cha kuiamsha, akabonyeza swichi. Tyubu iliwaka mara moja, nyeupe pee, stoo nzima. Akaihamishia kwenye choki nyekundu. Tyubu ikapepesa, ikapepesa tena, ikabaki na mwanga hafifu wa kuumiza macho.

"Rangi zimegeuzwa," alisema Boga. "Tyubu fupi zimefungiwa choki za ndefu. Umeme unazizidi, zinaungua."

"Nani napaka rangi?"

Wote walimtazama Chirau. Meneja alicheka, akamwita mzee mzima bozi mbele ya wapishi, akamnyang'anya funguo kiunoni. Akamtupia Boga. Chirau alichukua kofia yake na kutoka. Boga alitaka kulinda kazi yake tu. Astaghfirullah, hakutaka zile funguo, lakini alizishika.

Alasiri alipofika Kinondo, godoro lake lilikuwa uani, na sanduku lake juu ya godoro. Mamake, Mwanarusi, alisimama mlangoni.

"Mama, alinisingizia. Alitaka nifukuzwe."

"Najua."

"Akakutukana na wewe."

"Ni ndugu yangu, ananitukana tangu utotoni. Kazi ungalipata nyingine, Boga. Mimi ndugu wa tumbo moja nitampata wapi? Umemvua nguo mbele ya wapishi."

"Nifanye nini sasa?"

"Rudi. Mwambie Mzungu ulikosea wewe. Rangi za mjomba wako ziko sawa."

"Mama, nikisema hivyo choki zitarudishwa vilevile. Taa zitaungua zote!"

Mwanarusi alishika ubao wa mlango, tayari kuufunga.

"Na ziungue," alisema.