Kitambaa Mkononi mwa Bikira

Grégoire, mchoraji wa vibao vya maduka pale Kasongo, alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi: hachori asichokiona. Alipotakiwa kuchora mbuzi kwenye ukuta wa mchoma nyama, alimfunga mbuzi mzima mlangoni mpaka akamaliza, na mbuzi akamlia burashi. Kwa hiyo padri alipomletea picha ya kuzaliwa kwa Yesu, aichore kubwa ukutani kanisani kabla ya Noeli, kila kitu kilikwenda vizuri isipokuwa mtoto.

Picha yenyewe ilikuwa ya Mwitaliano mmoja aliyekufa karne nyingi zilizopita, mtu aliyependa giza. Zizi lote jeusi, wachungaji wanaonekana nusu nusu, na mwanga wote unatoka kwa mtoto, ambaye Bikira Maria amemfunua kitambaa ili wageni wamwone. Lakini karatasi ya padri ilichapishwa kwa mashine iliyochoka, na uso wa mtoto ulikuwa doa jeupe tu.

Mtoto mchanga alikuwamo nyumbani kwa Grégoire mwenyewe, maana binti yake Naomie alikuwa amejifungua wiki ileile. Tatizo ni kwamba kwao mkewe, Marie-Thérèse, mwanamume hamtazami mtoto kabla kitovu hakijaanguka. Hata babu. Hata babu aliyetumwa na padri.

Alasiri moja, wanawake wameenda kuteka maji na Naomie amelala, babu akasogeza pazia la chumba cha mzazi. Akatazama kama fundi: paji la uso, mdomo, sikio la kushoto lililokunjika juu. Kisha akakimbilia kanisani akachora kwa furaha isiyo na adabu.

Kesho yake mtoto akashikwa na homa.

Hospitalini muuguzi alisema ni vijidudu, akamdunga sindano, akamlaza pamoja na mama yake. Grégoire aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alijua vijidudu vile vimepitia pazia gani. Akarudi nyumbani kungoja. Kila aliyebisha hodi alimdhania mleta habari mbaya.

Marie-Thérèse akaenda kanisani kumwombea mjukuu. Alirudi na macho makavu.

"Baba Naomie, ile sikio kule ukutani ni ya nani?"

Grégoire akaanza kubandua rangi iliyokauka kwenye kucha zake.

"Ulimuangalia mutoto."

"Nilimuangalia."

"Na sasa parokia yote inamuangalia." Akachukua sufuria ya uji wa Naomie, akarudi hospitalini bila kuaga.

Hapo maji yakamfika Grégoire shingoni. Akaenda kanisani, akachovya burashi kwenye rangi nyeusi ili aufute ule uso. Akainua mkono. Mkono ukakataa. Kumpaka mtoto giza na kumzika, tofauti yake nini? Aliogopa kuuacha uso, akaogopa kuufuta, akasimama pale mpaka magoti yakamuuma. Ndipo alipouona mkono wa Bikira. Akavichora upya vidole vya Bikira vikunjike kidogo, akakirefusha kile kitambaa mpaka juu ya kichwa cha mtoto, akakitia maua ya kitenge cha Naomie. Mkono uliokuwa ukifunua sasa ulifunika.

Padri hakupendezwa.

"Wachungaji wametoka mbali hivyo kuja kuona kitenge?"

"Wangoje, padri," Grégoire akasema. "Hata sisi tunangoja."

Siku zile homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Mkesha wa Noeli, mchana, wanakwaya wakijaribu nyimbo, Marie-Thérèse aliingia kanisani na Naomie, amekumbatia kitu kilichofunikwa gubigubi. Grégoire hakuthubutu kuuliza. Mkewe akaketi chini ya picha, akafungua kitenge taratibu.

Mtoto akapiga chafya.

"Homa ilimuacha tangu jana," Marie-Thérèse akasema, "na kitovu kimeanguka leo asubui. Kamata burashi yako, Baba Naomie. Mufunue."

Grégoire akaichukua burashi, akapanda kwenye kiti, lakini machozi yalimjaa hata ukuta hakuuona, naye, kama mjuavyo, hachori asichokiona. Marie-Thérèse akabaki pale na mtoto mapajani, akamngoja afute macho.